Pete ya mama imefungwa uzi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni wa mwisho katika watoto watatu, nina miaka 41, nakaa Tabora mjini upande wa Cheyo. Ni karani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, kwa hiyo masoko yakifunguliwa natoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Nina mume na watoto wawili wanaosoma.

Mama yetu ana miaka 78. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikapooza na maneno yakamwisha. Yamebaki matatu: "ndiyo", "maji" na "mayu". Mayu kwa Kinyamwezi ni mama, na kila mtu kwake ni mayu, hata mjukuu wake wa kiume. Nilikaa naye nyumbani mwaka mmoja na nusu nikisaidiwa na binti aliyekuwa na mkono mzuri kweli, akapata mchumba akaolewa, na sina wa kumlaumu. Waliomfuata, wa kwanza alikaa wiki mbili, wa pili siku nne. Huyo wa pili nilimkuta kamfungia mama chumbani, mwenyewe yuko kwa jirani anaangalia tamthilia.

Ndipo nikaambiwa kuna nyumba ya mtu binafsi inayotunza wazee, nje kidogo ya mji. Sitaitaja. Nilikwenda kuiona, nikapokelewa vizuri, sakafu inang'aa, vitanda vina vyandarua. Kaka yetu aliye Uingereza akakubali kulipa, laki tatu na nusu kwa mwezi. Mama ana miezi minne pale.

Huwa naenda kila Jumapili nikitoka kanisani, saa nane mchana. Namkuta kaketi barazani, kavaa kitenge safi, kapakwa mafuta, nywele zimechanwa. Wahudumu wananichangamkia. Lakini kuna mambo yananinyima usingizi. Kwanza amepungua. Pete yake ya ndoa, ambayo zamani haikutoka hata kwa sabuni, Jumapili moja niliikuta imezungushiwa uzi mweusi isidondoke. Pili, analala. Naongea naye, anafumba macho katikati ya maneno yangu. Tatu, wiki iliyopita nilimpelekea chupa ya maji ya nusu lita, akainywa yote bila kupumzika, halafu akasema, "Maji." Na wakati naondoka, mhudumu mmoja, msichana mdogo tu, alinisindikiza hadi getini akasema kwa sauti ya chini, "Dada, uwe unakuja na siku nyingine." Nikamuuliza kwa nini, akacheka.

Kaka anasema niangalie ripoti yao mtandaoni, kwamba huko aliko kila nyumba ya wazee inakaguliwa na kupewa daraja. Nimetafuta, nimeambulia picha za wazee wanakata keki. Dada yetu aliye Kigoma hajaja tangu Pasaka ya mwaka jana, lakini kwenye kundi la familia la WhatsApp kila siku ni "mmemtupa mama". Mume wangu hasemi kitu, na huko kutosema nako nakuona.

Shangazi, mimi si nesi. Nitajuaje kama mama anatunzwa au anavalishwa tu? Nimrudishe nyumbani?

Mtoto wa mwisho, Tabora

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye uzi. Uzi ule una habari mbili. Ya kwanza, kidole kimekonda, na hiyo si nzuri. Ya pili, ndani ya nyumba ile kuna mtu aliyeona pete inalegea, akatafuta uzi, akakaa chini akaufunga. Angeweza kuivua akaitia mfukoni, nani angejua? Kwa hiyo usiende pale umekunja ngumi. Unaye mwenzako humo ndani, na huenda ndiye huyo huyo wa getini.

Ila kabla hujamnyooshea mtu kidole, mama atobolewe kidole. Nasema hivi kwa sababu nimefanya uuguzi miaka 31, na kiu, kukonda na usingizi vikija pamoja kwa mtu wa umri wake, kitu cha kwanza kinachonijia kichwani ni sukari. Inawezekana kabisa wanamlisha na kumnywesha kama inavyotakiwa na bado ananyauka hivyo hivyo. Usisubiri Jumapili. Kesho omba ruhusa kazini, mchukue, mpeleke hospitali ya Kitete kwenye dirisha la wazee, au zahanati yoyote ya karibu yenye kipimo. Apimwe sukari, presha, malaria na mkojo. Na siku hiyo hiyo waulize wahudumu wa nyumba ile: ninyi mlishampima lini? Wakikuonyesha daftari lenye tarehe, vizuri. Wakikuambia "ni uzee tu, dada", umeshajua kitu kimoja kuhusu matunzo yao, hata kama sukari itakuwa sawa.

Tuchukulie sukari iko sawa. Sasa nikwambie siri ya wodini. Tukisikia mganga mkuu wa mkoa anapita Jumatatu, wodi nzima inaogeshwa Jumapili usiku. Shuka zilizofungiwa kabatini zinatoka, hata vyungu vya kukojolea vinang'arishwa. Hatukuwa waongo hasa, lakini ile haikuwa wodi yetu ya Alhamisi. Wewe ndiye mganga mkuu wa mama yako, na umewapa ratiba: Jumapili, saa nane. Kila wiki wanakuandalia mama.

Nenda Jumatano saa sita na nusu, chakula kinapotoka. Wiki nyingine nenda saa kumi na mbili jioni. Siku moja jikaze uwe getini saa moja kasoro asubuhi, kabla ya kazi. Usipige simu kwanza. Wakisema kuna saa za kutembelea, zisikilize kwa heshima, lakini nyumba inayomzuia binti kumwona mama yake akila imeshajibu nusu ya barua yako.

Ukifika, achana na sakafu. Sakafu inapigwa deki kwa nusu saa. Tazama sahani imewekwa wapi. Mama yako kapooza kulia. Nimeona kwa macho yangu sahani ikiwekwa upande wa mkono uliokufa, mgonjwa anaitazama, baada ya muda inaondolewa ilivyo, na daftarini panaandikwa "amekula kidogo". Mtu aliyepata kiharusi anakalishwa wima, anapewa kijiko kidogo kidogo, anasubiriwa ameze, na shavu la upande uliopooza linaangaliwa kwa sababu chakula hujificha hapo. Akimaliza halazwi papo hapo, anaachwa ameketi kama nusu saa. Mhudumu mwenye wazee wanane wa kulisha hayawezi haya, hata awe na moyo wa namna gani. Kwa hiyo hesabu kimyakimya: midomo mingapi inalishwa, mikono mingapi inalisha.

Uzito usiukadirie kwa macho wala kwa pete. Tafuta kadi yake ya kliniki ya presha, mle kuna kilo zake za mwaka jana. Waombe wampime mbele yako. Wakisema hawezi kusimama, wewe unayeshinda kwenye mizani ya marobota unajua hesabu yenyewe: pima kiti na mtu, kisha toa kiti. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya mwezi mmoja, au 6 kwa miezi sita, anatakiwa daktari amwone, na nyumba iliyo makini inakuwa imeshakupigia simu kabla wewe hujauliza.

Kwenye maji nitakaa kidogo, maana hapo nilishtuka kuliko kwenye pete. Mtu amebakiwa na maneno matatu, moja ni maji, na analitamka wakati ameshamaliza nusu lita. Kama si sukari, hutokea mambo mawili. Moja ni la uzembe: jagi lipo, limejaa, limefunikwa kitambaa cha kufuma, liko dirishani. Mkono haufiki. Jingine ni la makusudi na wahudumu hawapendi kulitaja: mzee hanyweshwi kuanzia alasiri ili usiku asilowanishe shuka. Hili nimelikuta hata kwenye nyumba za watu, kwa mabinti na wakwe wanaowapenda wazee wao kabisa, wamechoka tu kufua. Mzee akikaushwa hivyo, choo kinamfunga, mkojo unakuwa wa rangi ya chai, njia ya mkojo inashambuliwa, akili inamvurugika, kisha ndiyo huo usingizi unaouona. Mwambie atoe ulimi, uone kama umekauka. Angalia kikombe: kiko kushoto, kwenye mkono mzima, au kipo kwa ajili ya picha? Kwamba alikunywa chupa nzima nawe hukutaja kikohozi, hiyo inanipa moyo, koo linaelekea kumeza vizuri, ingawa huo si uthibitisho. Safari ijayo mpe mafundo madogo madogo.

Halafu kuna siku uombe kumwogesha. Sema tu, "Leo naomba nimwogeshe mama mwenyewe." Hakuna atakayeona ajabu binti kumwogesha mama yake. Fungeni mlango, mgeuze ubavu, angalia pale uti wa mgongo unapoishia juu ya makalio, nyonga zote mbili, visigino, vifundo vya miguu, nyuma ya masikio. Vidonda vya kulalia huanzia hapo, mahali mfupa umekaribiana na ngozi. Vitabu tulivyosomea vilisema utaona wekundu, nafikiri walioviandika walikuwa na wagonjwa weupe. Kwenye ngozi ya mama yako utaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau, na mara nyingi kiganja kitajua kabla ya jicho: mahali pana joto kuliko jirani yake, au pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililodondoka chini ya mti. Ukipapata, usipasugue wala usipachue na mafuta, unaiumiza nyama iliyoumia tayari. Sisi enzi zetu tulijaza maji kwenye glovu tukaiweka chini ya kisigino, tukajiona mabingwa. Siku hizi hilo limekatazwa. Mto unawekwa chini ya shavu la mguu, kisigino kinabaki hewani. Na asiyeweza kujigeuza anageuzwa kitandani kama kila saa mbili, usiku pia. Wa kwenye kiti naye asogezwe. Nina wasiwasi hata na hiyo Jumapili yako: mama ameketishwa barazani tangu saa ngapi akikusubiri?

Ukikuta kidonda kilichofunguka, usigombane bafuni. Mfunike, mvalishe, mpeleke hospitali leo hiyo.

Kucha, meno, masikio, utayaona wakati huo huo unamwogesha.

Dawa sasa. Omba kuona anapewa nini, jina kwa jina, na nani aliandika. Za presha na za kuzuia damu kuganda ni za kutegemewa kwa mtu wa kiharusi. Ukikuta diazepamu au haloperidoli, ambazo ni dawa za kutuliza, uliza kwa upole daktari gani aliandika na kwa ajili gani. Kuna nyumba, hapa na ng'ambo, ambako mzee anayepiga kelele usiku hunyamazishwa kwa kidonge. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiweka haloperidoli na wenzake wa zamani kwenye orodha ya dawa zenye onyo kali, kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Lakini usizikatishe mwenyewe ghafla. Mpelekee daktari hiyo karatasi.

Jambo jingine ambalo watu hawaliangalii. Mle ndani yupo mzee asiyetembelewa na mtu. Wahudumu watakuonyesha ukiuliza. Nenda kamsalimie, ukae naye dakika kumi. Tazama shuka yake, midomo yake, mhudumu anamwitaje akipita, anamwita bibi au anamwita "huyu". Ukitaka kujua mama yako anaishije Jumatatu hadi Jumamosi, mtazame huyo.

Na uulize usiku wanabaki wangapi. Wakikutajia idadi, siku ile uliyokwenda jioni subiri zamu ibadilike, uhesabu.

Ukishaona yote hayo, zungumza na msimamizi. Peke yenu, ukiwa umetulia, jambo moja kwa safari moja. Nakwambia hivi kwa sababu wewe utaondoka na mama atabaki mikononi mwao. Usianze na "mnamnyima maji". Anza na "naomba kikombe chake kiwe upande wa kushoto, na nimeleta mrija." Nunua daftari kubwa, liwe kando ya kitanda: amekula nini, amekunywa vikombe vingapi, amegeuzwa saa ngapi, choo. Likijazwa kwa wino mmoja na mwandiko mmoja kwa wiki nzima, ujue limejazwa Jumamosi jioni. Na yule msichana wa getini usimtaje kwa mtu yeyote, hata kwa kumsifu. Atafukuzwa.

Kaka yako hajakosea, ila anakuelekeza kwa ramani ya kwao. Huko Uingereza kuna Care Quality Commission, inakagua na kutoa daraja nne, na ripoti iko wazi kwa kila mtu. Marekani nyumba za wazee hupewa nyota, moja hadi tano, tangu 2008, lakini hata huko sehemu ya takwimu zinazotengeneza nyota huletwa na nyumba zenyewe. Mwambie kaka kwamba hapa mkaguzi ni wewe, na yeye anayelipa ana haki ya kuomba kila mwezi kilo za mama na picha ya daftari. Mlango wako mwingine ni afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Muulize kama nyumba ile imesajiliwa na kama kuna mtu huwa anaipitia. Huhitaji kwenda kama mshitaki, nenda kama mteja anayeuliza. Usidhani pia kwamba serikali itakuchukulia mama: makazi yake, kama yale ya Ipuli hapo hapo Tabora, ni ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaiona familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo, na ninyi mpo watatu.

Ambao mmoja wao yuko Kigoma. Huyo mwambie hivi, na umwandikie kwenye kundi hilo hilo: treni ya Kigoma inapita Tabora, mama hajahama mkoa, zamu yako ya kumwogesha ni wiki ya pili ya mwezi ujao. Anayesema mama ametupwa, aje amwokote. Akija, mshukuru kwa dhati, maana macho mengine yataona usichokiona. Asipokuja, natumaini kundi litapata utulivu.

Mumeo muulize. Usimsome usoni. Wanaume wengi wakinyamaza kuhusu mama mkwe wanaogopa kuonekana wanamfukuza au wanamng'ang'ania, basi wanatazama taarifa ya habari.

Kuhusu kumrudisha, sitakuambia umrudishe ili dada anyamaze. Nyumbani kwako kulikuwa na mlango uliofungwa kwa nje na binti yuko kwenye tamthilia, hilo umeliandika mwenyewe. Mrudishe, au mhamishe, ukikuta amepewa dawa za usingizi ambazo hakuna daktari aliyeziandika, ukikuta michubuko isiyo na maelezo au yenye maelezo mawili, ukikuta kidonda kilichofichwa, au ukizuiwa kumwona. Kwa hayo usisubiri mwisho wa mwezi wala usidai chenji ya ada. Kama ni kikombe, sahani na mikono michache, wape wiki tatu, uwe unaenda siku tofauti, uone kama kilo zinasogea.

Na Jumatano ukifika, kabla ya sahani na kabla ya msimamizi, kaa karibu na mama ushike kile kidole. Uliza kwa sauti ya kawaida tu, mbele ya wahudumu waliopo, "Nani alimfungia mama huu uzi? Nataka kumshukuru." Atakayeinua macho, kesho yake mpelekee vocha, na umuulize mama huwa anaamkaje asubuhi.